Kipimo cha vimeng'enya vya fizi: kinasoma nini, na je, ulipie?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 43, naishi Tanga, na nina kisukari, huu ni mwaka wa sita. Tangu mfungo wa Ramadhani uliopita fizi zinatoka damu kila nikipiga mswaki, na jino moja la mbele chini limeanza kucheza. Nilikwenda kliniki moja ya meno, wakaniambia kabla ya jambo lolote nilipie kipimo cha vimeng'enya vya fizi. Walitaja MMP-8, AST na ALP. Bei yake inazidi bei ya kusafishwa meno. Mdogo wangu anafanya kazi maabara, naye alishangaa akaniuliza: AST na ALP si vipimo vya ini? Naomba unieleze vimeng'enya hivi vinafanya nini kwenye fizi, na je, nilipie au nisilipie?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa usumbufu. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalogusa mfuko wako. Usianze na kipimo hicho. Fedha uliyo nayo ilipie kupimwa kina cha fizi jino kwa jino na kusafishwa ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, hadi chini ya fizi. Damu ya kila siku, jino linalocheza na kisukari cha miaka sita vimekwisha kusema yale ambayo kipimo kingesema, tena vimesema zaidi.

Lakini swali lako la kwanza ni zuri mno kuliacha lipite. Mtu akielewa vimeng'enya vinafanya nini ndani ya ufizi, anaelewa pia kwa nini sisi madaktari wa meno tunang'ang'ania usafi na sukari.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia mwilini, nayo yenyewe haitumiki ikamalizika. Vile vya tumboni humeng'enya chakula, na ndiko jina lilikotoka. Lakini vipo vingine katika kila kiungo, na baadhi kazi yake ni kukata nyama ya mwili wenyewe ili ijengwe upya.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo huenda umesikia habari za mitepe ya Lamu, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba badala ya kupigiliwa misumari. Jino nalo halikupigiliwa ndani ya taya. Limeshonwa. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nafasi nyembamba, takriban moja ya tano ya milimita, iliyojaa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Upande mmoja nyuzi hizo zimezama kwenye mzizi, upande wa pili zimezama kwenye mfupa. Ufizi wenyewe umekaza shingo ya jino kwa nyuzi za aina hiyo hiyo. Na kolajeni imeumbwa kama kamba hasa: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, zikakazwa kiasi kwamba vimeng'enya vingi vya kawaida vinavyovunja protini haviwezi kuzikata.

Kinachoweza kuzikata kiligunduliwa mahali ambapo mtu hangetarajia. Mwaka 1962, nchini Marekani, Jerome Gross na Charles Lapière walikuwa wanachunguza viluwiluwi. Kiluwiluwi akigeuka chura, mkia wake unayeyuka. Mkia una kolajeni tele, sasa kolajeni hiyo inakwenda wapi? Walichukua vipande vya mkia, wakaviweka juu ya utando wa kolajeni, wakaona utando unayeyuka pale vipande vilipokaa. Kimeng'enya walichokipata kikaitwa kolajenasi, na leo kinahesabiwa katika ukoo mkubwa unaofupishwa MMP. Namba nane katika ukoo huo, ile MMP-8 uliyotajiwa, ni kolajenasi inayobebwa hasa na chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili. Hukata kamba ile ya nyuzi tatu mahali pamoja tu, takriban robo tatu ya urefu wake. Baada ya mkato huo kamba hufumuka yenyewe kwa joto la mwili, na vimeng'enya vingine huja kumalizia vipande.

Jambo hili si ugonjwa. Katika ufizi mzima, kamba za zamani hukatwa na mpya hushonwa siku zote, na nyuzi zinazoshika jino ni miongoni mwa zile zinazobadilishwa haraka zaidi mwilini. Mwili una vizuizi vyake vinavyokishika kimeng'enya kisikate kupita kiasi. MMP-8 yenyewe huhifadhiwa ndani ya neutrofili ikiwa imefungwa, haikati mpaka ifunguliwe. Shida huanza pale ukataji unapouzidi ushonaji, mwezi baada ya mwezi.

Na kwa nini uuzidi? Kwa sababu ya ukoga, ule utando laini wa vijidudu unaojishika kwenye jino karibu na ufizi. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21, wote 12 walikuwa na fizi nyekundu zilizovimba. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilirudi hali yake kwa takriban wiki moja. Ninalipenda sana jaribio hili kwa sababu mtu yeyote anaweza kulielewa bila darubini.

Sasa angalia kinachotokea chini kwa chini. Hata katika kinywa kizima, inakadiriwa kwamba neutrofili kama 30,000 huingia kinywani kila dakika, zikipitia kwenye ule mfereji mdogo kati ya jino na ufizi. Ni askari wa zamu. Ukoga ukijaa, zinaitwa nyingi zaidi. Zinapopambana humwaga silaha zao, MMP-8 ikiwemo, pamoja na elastasi na beta-glukuronidasi, na silaha hizo hazichagui kati ya kijidudu na kamba ya kolajeni. Vijidudu navyo vina vimeng'enya vyao. Porphyromonas gingivalis, mmoja wa wale wanaotajwa sana katika ugonjwa huu, hutoa vimeng'enya vikali viitwavyo jinjipaini, ambavyo pamoja na uharibifu wao wenyewe huweza kuifungua MMP-8 iliyofungwa. Lakini sehemu kubwa ya kamba zinazokatika katika ufizi mgonjwa hukatwa na silaha za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana kuwapiga vijidudu kwa vidonge peke yake hakutoshi. Nitarudi hapo.

Mdogo wako wa maabara hajakosea. AST ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli nyingi: za ini, za moyo, za misuli, na za ufizi pia. Mwaka 1954, New York, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen walionyesha kwamba AST hupanda kwenye damu baada ya mshtuko wa moyo, kwa sababu seli za moyo zikifa humwaga kilichomo ndani yake. Ini likiumia, hali ni hiyo hiyo. Na seli za ufizi zikifa, AST yake humwagika pia, ila haiendi kwenye damu ya mkononi kwa kiasi cha kuonekana. Inatoka kwenye majimaji ya mfereji wa fizi.

Majimaji hayo ni machache mno, lakini yanapatikana. Mwaka 1958 Niels Brill na Bo Krasse waliwadunga mbwa rangi inayong'aa kwenye msuli, kisha wakaingiza vipande vyembamba vya karatasi ya kunyonya kando ya jino. Ndani ya dakika tatu rangi ilikuwa imetokea kwenye karatasi. Maana yake, mwili unachuja majimaji kutoka ndani na kuyatoa kando ya jino, na mtu anaweza kuyaokota bila sindano na bila maumivu. Tangu hapo karatasi hizo zimepimwa karibu kila kitu. Ukimwambia mdogo wako kwamba sampuli ni karatasi iliyokaa kando ya jino, wala si chupa ya damu, atakuelewa mara moja. AST iliyopanda kwenye karatasi hiyo haisemi lolote kuhusu ini lako.

ALP vivyo hivyo. Hospitalini inaombwa kwa ajili ya ini, njia ya nyongo na mifupa. Mwaka 1970 Isao Ishikawa na Giorgio Cimasoni waliipima kwenye majimaji ya fizi, wakakuta ni nyingi kuliko kwenye damu, na kwamba mfuko wa fizi, yaani ule mfereji ukishachimbika, ukiwa na kina zaidi, ALP nayo huwa zaidi. Sehemu yake hutoka kwenye neutrofili, sehemu nyingine kwenye seli za mfupa na za nyuzi zinazoshika jino. Tatizo la AST na ALP zote mbili ni kwamba hupanda pia katika uvimbe wa kawaida wa ufizi, ule unaopona kwa kusafisha. Hazitenganishi vizuri kati ya ufizi uliovimba tu na ufizi unaopoteza mfupa, na hilo ndilo tunalotaka kulijua.

Hapa niseme jambo kidogo nje ya swali lako, kwa sababu linawahusu wazazi. Usije ukadhani ALP ni kitu kibaya. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na upungufu wake, ugonjwa uitwao haipofosfatasia. Kwao tabaka la nje la mzizi, lile ambamo kamba huzama, halijengeki ipasavyo, na meno ya utoto hudondoka kabla ya umri wa miaka mitano mzizi ukiwa mzima mzima. Kwa kawaida jino la utoto likitoka, mzizi wake huwa umekwisha kuliwa, linabaki kichwa tu. Upo pia ugonjwa ulioelezwa mwaka 1924 na madaktari wawili Wafaransa, Papillon na Lefèvre: ngozi ya viganja na nyayo hukakamaa na kuwa nene, na fizi huharibika tangu meno ya utoto yanapoota. Mwaka 1999 ikajulikana chanzo ni kasoro ya kimeng'enya kimoja, kathepsini C, ambacho kazi yake ni kufungua silaha za neutrofili. Watoto hao wana silaha pungufu, na fizi zao zinateketea. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kuondoa vimeng'enya vyote kwenye fizi hajui anachouza. Na wewe mzazi, mtoto wa chini ya miaka mitano akidondosha jino lenye mzizi mrefu bila kuanguka wala kugongwa, lifunge jino hilo kwenye karatasi mwende nalo kwa daktari.

Nirudi kwako. Kwa nini watu wawili wenye ukoga uleule hawapotezi meno sawa? Swali hili lilijibiwa kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka. Löe yuleyule na wenzake walifuatilia vibarua wanaume 480 ambao hawakuwa na mazoea ya kupiga mswaki wala huduma ya meno, kuanzia mwaka 1970 kwa miaka 15. Karibu wote walikuwa na ukoga, ugaga na fizi zilizovimba. Lakini takriban asilimia 8 walipoteza nyuzi zinazoshika jino na mfupa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe. Huku kwetu Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Firoze Manji waliwachunguza watu wazima wa Tanzania na wa Machakos, Kenya, katika miaka ya 1980. Nao wakakuta ukoga na ugaga kila mahali, ila uharibifu mkubwa umejikusanya kwa watu wachache na kwenye meno machache.

Tofauti kati ya watu hao kwa sehemu kubwa iko kwenye namna mwili unavyojibu, yaani ukataji unavyozidi au kutozidi. Urithi una sehemu yake. Sigara ina sehemu kubwa. Na kisukari kisichodhibitiwa kina sehemu kubwa sana. Sukari ikikaa juu muda mrefu hujishika kwenye protini, kolajeni ikiwemo, ikaifanya iwe ngumu kurekebishwa. Neutrofili hufanya kazi kwa hasira bila ufanisi, na kolajenasi kwenye ufizi huongezeka.

Hili la mwisho lilileta ugunduzi ninaouhesabu kuwa miongoni mwa bora katika fani yetu. Mwaka 1983 Lorne Golub wa Stony Brook, New York, alikuwa anachunguza panya wenye kisukari ambao kolajenasi ya fizi zao ilikuwa juu. Akawapa minosaiklini, dawa ya ukoo wa tetrasaiklini. Kolajenasi ikashuka. Mtu angesema bila shaka dawa imeua vijidudu. Lakini ilishuka hata kwa panya waliokuzwa bila kijidudu chochote mwilini. Dawa ilikuwa inakizuia kimeng'enya chenyewe, kwa kushika zinki na kalisiamu ambavyo kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila hivyo. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1998 Marekani iliidhinisha doksisaiklini ya miligramu 20 mara mbili kwa siku, dozi ndogo isiyofikia kuua bakteria, itumike pamoja na kusafishwa chini ya fizi.

Tafadhali usikimbilie duka la dawa. Kapsuli inayouzwa kwetu kwa kawaida ni ya miligramu 100, dozi ya kuua bakteria, na kuitumia kiholela huwafundisha bakteria kustahimili dawa. Haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto ambaye meno yake bado yanajengeka, kwa kuwa huyatia rangi ya kudumu. Hata pale inapotolewa kwa dozi sahihi, ni msaidizi wa kusafishwa. Haichukui nafasi yake. Metronidazole nayo, ambayo watu wengi hunywa kila fizi zikitoka damu, hutuliza siku chache, kisha damu inarudi kwa sababu ugaga uko palepale.

Sasa kipimo chenyewe. Nisikifanye kionekane cha bure, maana kilitafutwa kwa sababu ya kweli. Tunapopima kina cha mfuko wa fizi kwa kile kijiti chembamba chenye alama za milimita, tunasoma yaliyokwisha kutokea. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni kawaida, 4 kwenda juu tunaanza kuwa na wasiwasi, 6 ni mfuko wa kina. Lakini mfuko wa milimita 6 huenda ulichimbika miaka mitano iliyopita ukatulia, au unachimbika leo. Kijiti hakisemi. Ugonjwa huu pia haumomonyoi kwa mwendo mmoja. Unaweza kulala, ukaamka kwenye jino moja, ukalala tena. Watafiti walitaka kitu kinachosema habari za leo, na vimeng'enya ndivyo vinavyosema: kamba zinakatwa sasa hivi au hapana.

Miongoni mwa vyote, MMP-8 iliyofunguliwa ndiyo iliyofika mbali zaidi, hasa kwa kazi ya Timo Sorsa na wenzake wa Helsinki, Finland. Kipimo chao cha haraka kinafanana na kile cha malaria au cha mimba. Unasukutua maji safi kwa sekunde 30, unayatema kwenye kikombe, yanachujwa na kudondoshewa kwenye kipande cha kupimia, na ndani ya dakika chache mstari unatokea au hautokei. Mpaka uliowekwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Mstari wa pili ukitokea, kiwango kimevuka.

Faida yake ninaiona hasa mahali pasipo na daktari wa meno. Muuguzi wa kliniki ya kisukari anaweza kukitumia kuchagua nani apelekwe kwa daktari wa meno upesi. Kinaweza pia kutumika kufuatilia mtu aliyekwisha kutibiwa, tukilinganisha kabla na baada. Udhaifu wake ni kwamba kinachanganya kinywa kizima. Mfuko mmoja mbaya kati ya meno 28 unaweza kumezwa na maji ya meno mazima, na jino la mwisho linaloota huku ufizi umevimba linaweza kukipandisha pasipo ugonjwa wa mfupa. Wala hakikwambii ni jino gani. Ukipata mstari wa pili, daktari atachukua kijiti chake na kupima jino kwa jino, jambo ambalo wewe unalihitaji hata sasa, mstari uwepo usiwepo.

Kuna kipimo kingine ambacho hakina bei. Daktari akipitisha kijiti taratibu kwenye mfereji wa fizi, je, damu inatoka? Mwaka 1990 Niklaus Lang na wenzake wa Bern, Uswisi, walionyesha kwamba mahali ambapo damu haitoki kila ukipima, uwezekano wa mahali hapo kubaki salama ni asilimia 98. Kutoka damu hakuna maana kwamba mfupa lazima utapotea, lakini kutotoka ni habari njema ya kuaminika. Wavutaji wa sigara hawana bahati hiyo, kwa sababu sigara hupunguza damu ya ufizi na kuficha ugonjwa. Nimewaona wanaume walioapa kwamba fizi zao hazijawahi kutoka damu, na meno manne yanacheza.

Hata utaratibu wa kimataifa wa kuupanga ugonjwa huu, uliokubaliwa kwenye kikao cha mwaka 2017 na kuchapishwa mwaka 2018, hauhitaji kimeng'enya chochote. Hatua ya ugonjwa hupatikana kwa kijiti na picha ya eksirei. Kasi yake hukadiriwa kwa uharibifu ukilinganishwa na umri, kisha hupandishwa kwa sigara na kisukari. Mgonjwa wa kisukari ambaye HbA1c yake, kile kipimo kinachosoma sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ni asilimia 7 au zaidi huwekwa kwenye daraja la kasi kubwa. Kwa hiyo karatasi ya HbA1c inamwambia daktari wa meno mengi kuhusu wewe kuliko karatasi ya MMP-8. Nenda nayo.

Kuhusu matibabu, kuna hofu moja ambayo ningependa kuiondoa kabla hujaisikia kwa jirani. Utaambiwa usisafishwe, kwamba kusafishwa hulegeza meno. Hofu hii ina chanzo chake. Ugaga mgumu uliojaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, palepale jino lako linapocheza, huyagandisha meno kwa pamoja kama saruji. Ukikwanguliwa, meno yaliyokwisha kupoteza kamba zake yanajionyesha yalivyo. Ufizi uliovimba nao hunywea, nafasi zinaonekana, maji baridi yanauma wiki chache. Mtu anasema, "walinilegeza." Kilicholegeza kilitangulia. Na mara nyingi, uvimbe ukiisha, jino lililokuwa linacheza kidogo hukaza tena, kwa hiyo usikubali ling'olewe siku ya kwanza kabla fizi hazijapewa nafasi ya kupona.

Siku ya miadi nenda asubuhi. Kula kama kawaida na tumia dawa zako za sukari kama kawaida, usiende na njaa. Omba kila jino lipimwe sehemu sita, tatu nje na tatu ndani, na namba ziandikwe. Kusafishwa chini ya fizi kutahitaji ganzi, na pengine utakwenda mara mbili au tatu. Nyumbani, usiache kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Damu inatoka kwa sababu ukoga upo, na ukiacha utaongezeka. Tumia mswaki laini, uinamishe kuelekea ufizi, mara mbili kwa siku. Katikati ya meno pitisha zile brashi ndogo nyembamba, au uzi wa meno mahali brashi haipiti. Mswaki wa mti si mbaya ukiutumia vizuri, ila haufiki katikati ya meno. Maji ya chumvi yanatuliza, hayaondoi ugaga.

Na hili lipeleke kwa daktari wako wa kisukari: kutibiwa fizi ipasavyo kumeonekana kushusha HbA1c kwa takriban asilimia 0.4 ndani ya miezi mitatu au minne. Kwa mgonjwa mwenye 8.1 hiyo si ndogo. Uvimbe wa fizi huifanya insulini ifanye kazi kwa shida, na sukari ya juu huuchochea uvimbe, kwa hiyo ukivuta upande mmoja, upande wa pili nao unasogea.

Ukiona usaha, uso kuvimba au homa, usisubiri miadi. Nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa mwenye kisukari maambukizi hukimbia.

Wiki 8 hadi 12 baada ya kusafishwa, rudi upimwe tena zile sehemu sita kwa kila jino. Hapo, ikiwa mifuko ya kina imebaki na daktari wako anashindwa kujua kama bado inachimbika, kipimo cha MMP-8 kinaweza kuwa na swali halisi la kujibu, na ukikilipia wakati huo sitakuzuia. Karatasi ya namba za kwanza usiitupe. Iweke pamoja na kadi yako ya kisukari, tarehe ikiwa juu yake, ili namba za pili zipate cha kulinganishwa nacho.